Gimbi la Mapambo Si Futari

Kama nyumbani kwako kuna mmea wenye majani mapana kama masikio ya tembo, umeupanda kivulini karibu na jiko, na aliyekupa alikuambia tu kwamba "nalo ni gimbi, linaliwa", nakuomba usiuchimbe. Usiupike, usimkatie jirani chipukizi lake, na kama una mtoto anayetambaa, mtoe karibu nao kabla hujaendelea kusoma. Maelezo yanafuata, lakini hayo ya mwanzo hayasubiri.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu. Nyuma ya nyumba ana mwembe mkubwa, na chini yake, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, ana magimbi. Nimeyakuta magimbi hayo tangu nikiwa mdogo. Yanachimbwa, yanaliwa, kichwa kinarudishwa ardhini, yanaota tena. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa alimletea chipukizi jingine ndani ya mfuko wa nailoni, akalisifu kwamba ni gimbi la kisasa, jani lake linapamba ua na kiazi chake kinaliwa. Shangazi akalipanda hapo hapo, hatua mbili kutoka yale ya zamani. Kivulini likakua, likarefuka, likachanganyika na wenzake hadi ukitazama ukiwa mlangoni huoni tofauti.

Siku ile aliyekwenda kuchimba ni wifi yangu, mgeni katika nyumba ile, hajui lipi ni lipi. Akachimba yote mawili, akamenya, akakata, akachemsha, akatia tui. Ilipoadhiniwa tukafungua kwa tende na uji, kisha likaja sinia la magimbi. Wa kwanza kusema alikuwa mjomba: "Haya leo yanawasha." Hakuna aliyeshtuka. Sisi watu wa pwani tumezoea gimbi kuwasha kidogo, tunasema halikuiva vizuri au lilichimbwa mapema, tunakamulia ndimu tunaendelea. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza. Mtoto wa binamu yangu, mwenye miaka minne, alikuwa ameshatafuna kipande. Akakitema, akaanza kulia, mkono mdomoni, mate yakimtiririka hadi kifuani. Baada ya dakika chache midomo ilikuwa imevimba na sauti imekuwa ya kukwaruza.

Tukakimbia hospitali. Mganga akauliza amekula nini. Tukasema magimbi. Akauliza, magimbi gani? Tulikuwa watu wazima watano pale, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu. Binamu yangu ikabidi arudi na bodaboda kwenda kukata jani alilete. Mtoto alilazwa usiku ule wakimwangalia pumzi, uvimbe ukapungua, siku ya tatu akaomba mkate. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kanga ameivuta usoni, anarudia neno moja: "Mwanangu, mimi nimepika magimbi miaka arobaini."

Ndiyo, amepika miaka arobaini. Na magimbi yake hayajawahi kumdhuru mtu. Kilichoingia jikoni siku ile hakikuwa chake.

Hatari yenyewe inafanya kazi hivi. Mimea yote ya jamii hii, magimbi ya chakula yakiwemo, hubeba ndani ya majani, vikonyo na viazi vyake sindano ndogo mno za oksaleti ya kalsiamu. Kwa macho huzioni, zinahitaji hadubini. Zimepangwa mafungu mafungu ndani ya seli zake kama njiti ndani ya kasha la kiberiti. Ukitafuna, seli hupasuka na sindano zinachoma ulimi, ufizi na koo. Pamoja nazo kuna protini zinazozidisha muwasho pale sindano ilipotoboa. Ndiyo maana maumivu huja papo hapo, na ndiyo maana kinachoogopesha zaidi ni uvimbe: ulimi na koo vikivimba sana, njia ya hewa inaziba. Kuna mmea mmoja wa sebuleni, Dieffenbachia, wenye majani ya kijani yaliyotapakaa madoa meupe, ambao wazungumzaji wa Kiingereza waliupa jina lenye maana ya "fimbo ya bubu", kwa sababu aliyeutafuna hushindwa kusema. Upo katika ofisi na nyumba nyingi za miji yetu, tena mara nyingi umewekwa chini, usawa wa mdomo wa mtoto anayejifunza kutembea.

Ikitokea, futa mabaki yote mdomoni kwa kitambaa safi chenye maji. Msukutulie mgonjwa maji ya baridi, kisha anywe maji baridi au maziwa baridi kwa mafundo madogo kama anaweza kumeza. Usimtapishe, maana zile sindano zitapita kooni mara ya pili. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, na usimwache asugue. Sauti ikibadilika, akishindwa kumeza mate yake, au pumzi ikiwa ya tabu, hiyo si kazi ya nyumbani tena: nenda hospitali wakati huo huo, ukiwa umebeba jani zima pamoja na kikonyo chake na kipande cha kiazi ndani ya mfuko. Hakuna dawa maalumu ya kuziondoa sindano hizo. Wataalamu wanatibu maumivu na uvimbe na kulinda njia ya hewa, na walio wengi hupona kabisa. Lakini jani lile mkononi linawapunguzia kubahatisha, na mgonjwa anapata huduma mapema.

Wapo watakaosema, mbona magimbi yetu nayo yana sindano na tunakula? Ni kweli. Magimbi ya chakula, ambayo wataalamu huyaita Colocasia esculenta, yametoka Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki, na wakulima wameyachagua kwa maelfu ya miaka, wakiyaacha makali na kuyapanda yale mapole. Pamoja na upole wote huo, mama zetu hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, huyaosha, huyachemsha mpaka yaive hasa, na wengine humwaga maji ya kwanza. Mapishi hayo yametungwa kwa ajili ya gimbi linalojulikana. Ukiyatumia kwa mmea mwingine ambao haukuchaguliwa kwa kuliwa, chungu chako hakina ahadi nawe.

Neno "linaliwa" ndilo linalonitia hofu kuliko jina lolote la sumu. Sisi tunaokula muhogo tunapaswa kulijua vizuri. Muhogo mchungu unaliwa, lakini hakuna bibi wa Kimakonde au wa Kizaramo atakayekuambia uuchimbe asubuhi ule mchana. Unamenywa, unalowekwa au unavundikwa, unaanikwa, unatwangwa, na zinapita siku. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula kule Msumbiji, wakati wa ukame, watu walifupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa ambao huko Kongo huitwa konzo. Muhogo ulikuwa ule ule waliokula siku zote. Kilichokosekana ni siku za kuusubiri. Japani nao wana kiazi kinachopandwa kwenye kivuli chepesi cha miti, konjac, chenye ua la ajabu ambalo watu wa maua hulinunua kwa kulistaajabia. Kinaliwa, tena sana, na kwa sehemu kubwa kinalimwa mkoa wa Gunma. Lakini kinakaushwa, kinasagwa unga, unga unapikwa na maji ya chokaa mpaka unaganda. Anayekuuzia mche wake kwa neno moja, "unaliwa", amekupa herufi ya kwanza ya sentensi ndefu.

Siku hizi mtindo wa mimea ya majani makubwa umeenea. Nyumba za mijini zimebanana, jua halifiki chini, na mimea hii inapenda kivuli na unyevu. Basi inapandwa kwenye varanda, kando ya karo, nyuma ya bafu, chini ya mwembe na mfenesi. Sina ugomvi na uzuri. Nami nina moja kwenye chungu cha udongo, mbali na watoto. Ila katika bustani za miche kando ya barabara nimesikia kwa masikio yangu majina matatu tofauti kwa mmea mmoja, na jina moja kwa mimea minne. "Gimbi pori", "gimbi la Kichina", "masikio ya tembo", "gimbi la maua". Ndani ya majina hayo kuna Alocasia za kutoka Asia zenye majani yanayong'aa na mishipa minene, kuna Caladium za Amerika ya Kusini zenye majani mekundu na meupe kama kitambaa kilichochapwa, kuna Xanthosoma za Amerika ambazo baadhi yake ni chakula halali kabisa, na kuna Colocasia zenye majani meusi ti, ndugu wa damu wa gimbi la futari, waliozalishwa kwa ajili ya rangi. Muuzaji hana nia mbaya. Naye aliuziwa hivyo.

Kivuli kinazidisha utata. Gimbi jeusi likipata jua huwa jeusi kweli, unaliona kwa mbali. Likikaa kivulini weusi unapungua, linarudi kijani, linafanana na la chakula. Vikonyo vinarefuka kutafuta mwanga, majani yanakuwa mapana na mepesi, yale madoa na michirizi uliyoambiwa uitumie kama alama yanafifia. Caladium ina jambo baya zaidi: msimu wa ukavu hukausha majani yote, inalala, na kiazi kinabaki ardhini bila dalili juu. Miezi miwili mbele anakuja mtu na jembe kutafuta magimbi, anakikuta kiazi kidogo kizuri, anakitia kwenye beseni pamoja na vingine. Hapo hakuna jani la kumwonya.

Watu hunitaka nieleze alama za kutofautisha. Nitazieleza, kwa sharti moja: zitumie kukataa, usizitumie kuruhusu. Gimbi la chakula la Colocasia, kikonyo chake hakishiki jani pale kwenye pengo la juu. Kinashika kwa chini, ndani kidogo ya uso wa jani, kama mpini unaoshika ngao kwa nyuma, na ncha ya jani inaning'inia kuelekea ardhini. Limwagie maji: yanaviringika kama lulu na kudondoka, jani linabaki kavu. Alocasia kubwa, kinyume chake, jani lake mara nyingi linaelekea juu kama mkono ulioinuliwa, linang'aa, na kikonyo kinaungana pale pale penye pengo au karibu yake. Sasa angalia mtego. Xanthosoma inayoliwa nayo kikonyo chake kiko kwenye pengo. Na zipo Alocasia, hasa zikiwa changa, ambazo kikonyo kimeingia ndani ya jani kama Colocasia. Na gimbi jeusi la mapambo litafaulu mtihani wote huu kwa sababu ni Colocasia kweli, ila hujui lilizalishwa kwa ukali wa kiasi gani. Kwa hiyo jani lisilofanana na la bibi yako ni sababu tosha ya kuacha. Jani linalofanana halijakupa ruhusa.

Tusidhani ni uzembe wa kwetu peke yetu. Japani, nchi yenye vitabu na maabara, Wizara ya Afya huwaonya wananchi juu ya Alocasia odora, mmea wanaouita kuwazuimo, kwa sababu watu huuchimba wakidhani ni satoimo, gimbi lao la chakula. China wana Alocasia ya majumbani wanayoiita Guanyin adondoshaye maji, kwa yale matone yanayoning'inia kwenye ncha ya jani asubuhi, na huko pia watu hulazwa kwa kuipika kama gimbi. Hao ni watu waliolima magimbi kabla yetu. Yupo pia atakayekuambia kwamba Tonga na visiwa vingine vya Pasifiki wanakula Alocasia kubwa. Ni kweli, wanaila. Wana aina walizozichagua vizazi na vizazi, wanajua sehemu ya kuondoa na muda wa kupika. Chipukizi lililotoka kwenye ndoo ya muuza maua halikutoka Tonga na halikuja na bibi wa Tonga.

Hapo ndipo ninapoliona jibu, na jibu hilo tunalo siku nyingi. Nenda vihamba vya Wachaga, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Chini ya migomba, kwenye kivuli na unyevu wa mfereji, kuna magimbi. Bustani hizo za ngazi ngazi, miti mirefu juu, kahawa na migomba katikati, magimbi na mboga chini, FAO ilizitambua mwaka 2011 kupitia kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mama wa kihamba ukimuuliza gimbi lile limetoka wapi, atakuambia: hili nilipewa na mama mkwe nilipoolewa, lile ni la kwa dada yangu, hili haliivi haraka lakini ni tamu, lile chemsha maji mawili. Kando ya mito ya Mlima Kenya nako nduma, kama wanavyoyaita magimbi huko, hupokelewa hivyo hivyo. Kila chipukizi lina mama yake anayejulikana na mtu aliyelila mwaka jana. Kilichovunjika mjini ni mnyororo huo. Tumeupokea mmea, hatukupokea habari zake.

Na wale wanaopika majani, kama zile patra za jamii za Kihindi wa Mombasa na Dar es Salaam, ambapo jani hupakwa unga wa dengu na ukwaju, likakunjwa na kupikwa kwa mvuke, wanahitaji uangalifu huo huo mara mbili. Anayekwenda sokoni huleta rundo la majani tu, hana kiazi wala kichaka cha kulinganisha. Nunua kwa muuzaji mmoja unayemjua anakokata. Ukiona kati ya majani hayo kuna moja linang'aa kuliko mengine, usilitoe hilo peke yake. Rudisha rundo zima.

Lipo dhara la pili linalosafiri ndani ya mfuko ule ule wa nailoni, na hili haliishii kwa mtu mmoja. Ni ugonjwa wa mnyauko wa majani ya magimbi, unaosababishwa na kiumbe kiitwacho Phytophthora colocasiae, binamu wa yule aliyeangamiza viazi mviringo vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Mwaka 1993 uliingia Samoa, nchi ambayo gimbi ni chakula kikuu na lilikuwa zao lao kubwa la kuuza nje. Wakulima wengi walikuwa wamepanda aina moja tu iliyopendwa sokoni. Katika muda wa mwaka mmoja hivi biashara ile ya nje ikaanguka karibu yote, na ilichukua zaidi ya miaka 10 ya kuzalisha aina zinazostahimili kabla hawajarudi sokoni. Mwaka 2009 ukaonekana Nigeria na Ghana, mwaka 2010 Kameruni, ambako gimbi hutwangwa kwa chakula cha achu, chakula cha harusi na misiba. Mvua huurusha kutoka jani hadi jani. Anayeuvusha bahari na mipaka ni mtu, kwa kubeba machipukizi.

Gimbi jeusi la mapambo, kwa kuwa ni Colocasia, laweza kuubeba. Anayelificha kwenye sanduku lake kutoka safarini kwa sababu amelipenda rangi, halafu akalipanda chini ya mwembe kando ya magimbi ya mama yake, anaweza kuwa ameleta kitu ambacho dawa ya jirani haitakizuia. Dalili zake ni madoa ya mviringo ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa maji, yanayopanuka kwa miduara, yakitoa vitone vya rangi ya chungwa au kaharabu. Ukiamka alfajiri wakati umande bado upo, unaona ukingo wa doa una unga mweupe. Jani linaoza na kuanguka ndani ya wiki mbili au tatu. Ukiona hivyo, usihamishe chochote kutoka shamba hilo, na mwite ofisa ugani. Tanzania wenye dhamana ya afya ya mimea ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Kuingiza mmea kutoka nje kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, hata kama ni chipukizi moja la zawadi, na hata kama limefungwa ndani ya kitenge.

Basi tufanye nini? Sisemi mng'oe kila kitu chenye jani kubwa. Nasema vitenganishwe. Magimbi ya chakula yawe na tuta lake, na mapambo yawe kwenye vyungu au upande mwingine kabisa wa nyumba, pasipofikiwa na maji yale yale wala jembe lile lile. Mmea wa mapambo uandikiwe jina, hata kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha ndoo ya plastiki, na chini yake neno HALILIWI kwa herufi kubwa. Usitegemee kumbukumbu yako: atakayechimba siku hiyo huenda ukawa hupo. Msichana wa kazi, wifi aliyetoka mkoani, kijana aliyekuja kusafisha ua, hao wote waonyeshwe kwa kidole siku ya kwanza, kama unavyowaonyesha swichi ya umeme iliyolegea. Ukikata mapambo hayo vaa glovu, nawa mikono kabla ya kugusa macho, na vichwa vyake usivitupe mtaroni. Vinaota vinakokwama, na wa mtaa wa chini watavikuta vimestawi kwenye kingo za mto, watafurahi kwamba Mungu amewaotea magimbi.

Ukipewa chipukizi la kula, uliza maswali mawili: wewe mwenyewe umelila hili, na ulilipikaje? Akijibu "nimesikia tu linaliwa", mshukuru, lipande kwenye chungu cha maua. Na wewe unayegawa, usione haya kusema hujui. Mwenzake shangazi yangu ni mtu mwema, alitoa zawadi kwa moyo mmoja, na mpaka leo akipita pale uani haangalii chini ya mwembe.

Wauza miche, nanyi nawaomba. Andikeni jina moja, lile lile, kwenye kila mfuko. Kama hamna uhakika, msitamke neno chakula. Mteja ataununua mmea kwa uzuri wake.

Tuta la shangazi limehamishwa. Magimbi ya zamani yako chini ya mpapai upande wa kisima, na lile lingine liling'olewa lote, udongo ukapepetwa kwa mikono yenye glovu mpaka kipande cha mwisho. Hata hivyo, mvua za vuli zikianza, vipande vidogo vilivyosahaulika ardhini huchipua tena. Toka nje leo kabla giza halijaingia, tazama kivulini kwako, na chochote usichoweza kukitaja jina na aliyekupa, kifunge kamba nyekundu.